Chemchemi ya Uani

Jumamosi, tarehe 6 Juni

Nimeanza kuandika maisha yangu. Watu wakubwa wote huandika, na wajukuu zangu watataka kujua babu yao alianzaje. Daftari ni la vipimo vya wateja wa Shangazi, ila kurasa za nyuma zilikuwa tupu. Kwa hiyo mjukuu, ukikuta mahali pameandikwa kiuno arobaini na nne, ujue si changu.

Habari kubwa: mpangaji wa chumba cha uani kahama! Kabeba godoro kichwani, suruali kaikunja hadi magotini, kavuka tope letu akilaani kila hatua. Kandambili moja imebaki humo humo. Hakurudi kuitafuta. Simlaumu. Ni miezi saba sasa pale chini ya tangi pana kinamasi, jua liwake lisiwake, na mlango wa chumba kile unatazamana nacho uso kwa uso.

Lakini chumba! Kina mlango wake, dirisha lake na komeo la ndani. Mimi nalala sebuleni, kwenye mkeka, katikati ya cherehani mbili, bega kwa bega na binamu yangu. Shangazi ni fundi wa nguo. Jana nimeamka na kifungo kimenata shavuni. Juzi ilikuwa pini, na haikuwa shavuni.

Jioni Shangazi katoa tangazo. Kikundi chao cha akina mama kitakutana hapa kwetu Jumamosi ya tarehe 20, mara ya kwanza tangu aingie. Mwenyekiti wao ana macho ya kuona vumbi nyuma ya kabati akiwa nje ya nyumba. Basi atakayeufanya ua ufae kwa wageni, chumba ni chake.

Binamu akatoa karatasi mfukoni. Alikuwa ameshachora! Huyu ni mwanawe Shangazi, anasoma chuo cha ujenzi. Mimi namwita Kamusi, maana ukimuuliza saa ngapi anakupa maana ya saa. Akasema kitaalamu uchimbwe mtaro, kisha uje mchanga na kifusi, mikokoteni arobaini. Shangazi akauliza nani atabeba. Kamusi akasema yeye ni mchoraji. Wote wakanigeukia mimi.

Mikokoteni arobaini! Hapo akili ikawaka. Nikamuuliza Shangazi kwa upole kama anaikumbuka ile hoteli aliyopeleka sare za wahudumu, yenye bustani ya majimaji pale mlangoni, mimea imesimama ndani ya tope na watu wanapiga nayo picha. Akaacha kutafuna. Nikamwambia watu wanalipia tope, sisi Mungu katupa bure, halafu tunataka kulifukia!

Kamusi akauliza maji yenyewe yanatoka wapi. Nikamjibu: chemchemi. Neno lilinitoka lenyewe, kama chafya. Lakini likishatoka halirudi, na kwa kweli lilipendeza.

Shangazi kanipa nafasi. Nikishindwa, Kamusi anahamia chumbani na mimi nabeba kifusi. Kamusi akatabasamu kama mtu aliyeuona mtihani jana yake. Na atabasamu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na Kamusi kanyoa.

Jumapili, tarehe 7 Juni

Leo nimechagua mimea kwa kichwa changu mwenyewe. Sihitaji mtu. Nilitaka mmea wenye sura ya heshima, usiochezewa na kuku. Nimeng'oa dungusi kule kando ya barabara, lile la miiba lisilo na majani. Nimelisimamisha katikati ya kinamasi. Kazi ya saa tatu. Moja ya kuchimba, mbili za kutoa miiba.

Shangazi kasema linafanana na marehemu mume wake akisubiri chakula. Sikujua kama ni sifa.

Jumatatu, tarehe 8 Juni

Dungusi limelala. Asubuhi nimelikuta ubavuni kama mlevi. Nimelisimamisha, likalalia upande wa pili. Kamusi kapita na mswaki mdomoni akasema mmea wa jangwani ukiutia kwenye tope unaoza mizizi. Nikamwambia kama alijua jana mbona hakusema. Akasema jana sikumuuliza.

Nimekwenda kwenye kitalu cha miche, kule mwisho wa barabara. Nilitarajia mzee, nimemkuta binti yake. Ana kofia kubwa, mikono ya udongo, na ulimi! Nikamwambia mimi ni mtaalamu wa bustani za kinamasi, nimepita tu kuona kama wana kitu cha hadhi yangu. Akauliza mtaalamu mwenye miiba saba kwenye kiganja alikuwa akipanda nini. Nikaficha mkono.

Akanieleza, ingawa nilikuwa najua. Mimea ya majimaji ni kama watu waliokwenda mtoni. Wapo wanaopiga mbizi, hao ni kama yungiyungi, shina chini na ua juu. Wapo wanaosimama miguu ndani, kama mafunjo na magimbi. Na wapo wanaobaki kando kushika nguo za wenzao, wanataka unyevu tu, kama kangaga na nanaa. Ukimpeleka mshika nguo kwenye kina, umemuua.

Nikamuuliza kama anao ule mmea unaokula wadudu, nisimike mmoja umalize mbu. Akasema hapa hawauzi, ila nikikaa kinamasini na mdomo huu ulivyo wazi, nitawala mwenyewe.

Kisha akauliza jambo la ajabu. Maji yanatoka wapi? Ati ndilo swali la kwanza la bustani ya namna hii, kabla hata ya kuchagua jani. Nikamwambia chemchemi ya asili, haikauki. Akauliza: chemchemi, juu ya kile kilima chenu chenye mawe? Nikasema dunia ina siri nyingi. Akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Sasa naitwa Bwana Chemchemi.

Miche atanipa kwa kazi. Nitajaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya kukuzia miche, mia mbili kwa awamu. Nimekubali kuwasaidia kitaalamu.

Jumatano, tarehe 10 Juni

Mgongo si wangu tena. Viriba mia mbili jana, na leo asubuhi tangi kama kawaida.

Mjukuu wangu, lazima ulijue hili tangi. Limekaa juu ya jukwaa la matofali, uani. Kila alfajiri nateka maji kwenye bomba la mtaa, nabeba ndoo kichwani, napanda ngazi, namimina. Zamani zilikuwa ndoo nane likajaa. Siku hizi ishirini! Na sababu naijua mimi: Kamusi. Tangu aanze chuo anaoga kama kiboko. Asubuhi anaoga, akirudi anaoga, akisoma sana anaoga. Nimemwambia Shangazi mara ngapi? Kamusi anakana. Kila kiboko hukana.

Jioni nimepanda. Nimechimba shimo la kina cha goti katikati ya kinamasi na tazama, likajaa maji lenyewe! Nimemwita Shangazi aone. Kaweka mkono kifuani. Yungiyungi mbili humo. Mafunjo matano nyuma, yanayumba kama akina mama wakisikia ngoma. Magimbi pembeni, majani mapana kama masikio ya tembo. Kangaga na nanaa kwenye ukingo, washika nguo. Dungusi nimelihamishia juu ya ukuta ndani ya kopo. Limesimama wima kwa mara ya kwanza. Kumbe lilikuwa linataka cheo.

Kandambili ya mpangaji nimeipata. Nimepandia nanaa ndani yake. Ubunifu.

Kamusi kachomeka fimbo yenye alama pembeni ya shimo. Nikamuuliza anapima nini. Akasema kina. Nikamwambia wivu nao una kina.

Alhamisi, tarehe 11 Juni

Leo sikujaza tangi. Nimemwonyesha Shangazi kiganja chenye miiba, akanihurumia mpaka saa nne, alipofungua bomba la bafuni likampigia mluzi. Kaoga kwa kikombe. Maneno aliyosema humo bafuni sitayaandika, daftari hili litasomwa na watoto.

Jambo la ajabu: kinamasi kimeshuka. Shimo limepungua kiganja kizima na magimbi yamelegea masikio. Ni hili jua. Nimewekea kivuli cha gunia.

Kamusi kaja kusoma fimbo yake, kaandika, kaondoka akipiga mluzi. Simpendi mtu anayepiga mluzi wakati magimbi ya mwenzake yamelegea.

Jumamosi, tarehe 13 Juni

Nimejaza tangi jana na leo, kwa amri. Na chemchemi imerudi! Imepanda mpaka ukingoni. Gunia langu limefanya kazi. Nadhani pia imeanza kunitambua. Mimea inajua mkono wa bwana wake.

Chura kahamia. Mnene, kakaa tu juu ya jiwe, anapaza sauti jioni nzima na kazi hafanyi. Nimempa jina Diwani.

Kasoro moja: bustani bado ina matundu. Mafunjo hayajajaza na zimebaki siku saba. Kule kwenye bwawa la machimbo ya kokoto nimeona gugu maji limejaa, maua ya zambarau, na hakuna anayelilinda. Nimemuuliza binti wa kitalu. Akawa mkali ghafla. Akasema gugu maji si mgeni, ni mvamizi. Unalikaribisha moja, kesho lina ukoo mzima, linameza mwanga, wenye nyumba wanakufa chini yake. Niliache huko huko.

Nimemwelewa vizuri. Anaogopa kukosa mteja.

Nimechukua matatu tu.

Jumatatu, tarehe 15 Juni

Mbu! Shangazi kaamka na miguu kama ramani ya milima. Kasema chemchemi ni nzuri lakini damu yake pia ni nzuri. Nikakimbia kitalu. Binti akasema shimo la maji bila samaki ni hospitali ya uzazi ya mbu, na kwamba alinieleza wiki iliyopita lakini nilikuwa nikijisifu. Kanipa samaki watano wadogo ndani ya kopo. Viriba mia nyingine.

Wameingia, wamezunguka, wameanza kula viluwiluwi vya mbu bila kuambiwa. Wafanyakazi wa namna hii Kamusi hajawahi kuwa.

Jioni Shangazi karudi kutoka kwenye kikundi anang'aa. Kawaambia wenzake juu ya chemchemi. Walikuwa wanasimulia mali zao, mmoja kanunua seti ya makochi, mwingine ana jiko jipya, yeye akasema uani kwake Mungu katoboa maji. Mwenyekiti kasema hajawahi kusikia, na kwamba Jumamosi atataka kuiona ikibubujika kwa macho yake mwenyewe.

Nikamuuliza Shangazi kwani alisema inabubujika. Akasema chemchemi isiyobubujika ni dimbwi, na yeye hakuwaalika watu wa heshima kuja kutazama dimbwi. Akanishika bega. Akasema hajawahi kuwa na kitu ambacho Mwenyekiti hana. Hakuwa anatania.

Nikamwambia asitie shaka. Kisha nikaenda kuichungulia kwa taa. Haibubujiki bado.

Jumatano, tarehe 17 Juni

Gugu maji limezaa. Halijazaa kidogo! Shimo lote limefunikwa, maji hayaonekani, yungiyungi zote mbili zimezama chini kama watu waliofunikwa blanketi na shemeji mkorofi. Diwani kakaa juu ya majani amechanganyikiwa. Nimemwambia Shangazi ni zulia, mtindo wa kisasa. Akasema anataka kuona maji.

Nimeyatoa kwa mikono, mabeseni manne, nimeyatandaza juani yakauke. Samaki wapo watano. Ua moja la yungiyungi limevunjika shingo. Nililifunga na uzi wa cherehani, mshono wa kurudi nyuma. Limesimama. Shangazi angejivunia.

Binti wa kitalu nimemwambia gugu maji lilikuja lenyewe, kwa upepo. Akauliza kama upepo huo una miiba saba kiganjani.

Kamusi kaniuliza, kwa adabu ya kutisha, tulikuwa tukijaza tangi kwa ndoo ngapi kabla tope halijaanza. Nikasema nane. Na sasa? Ishirini. Akaandika. Nikamwambia aandike na kwamba anaoga kama kiboko. Akasema anaoga kwa ndoo moja. Akaniangalia kwa huruma, kama daktari. Nikamwambia aangalie fimbo yake.

Ijumaa, tarehe 19 Juni

USHINDI! Jana nilishinda kitalu nikimalizia viriba. Leo alfajiri nimepanda ngazi na ndoo zangu. Nane. Ndoo nane tu, tangi limejaa mpaka linamwagika! Nimehesabu mara mbili. Kamusi kaacha kuoga! Maneno yangu yamemwingia. Mtu mwenye hekima haongei mara nyingi, mimi nimeongea miezi saba tu, na kaelewa.

Muda uliobaki nimelala.

Mambo madogo madogo. Moja, udongo chini ya jukwaa la tangi umefukuliwa na kufukiwa upya. Kamusi anachimba mtaro kwa siri! Nimepashindilia kwa miguu. Mbili, shimo limeshuka viganja viwili. Nimeongeza gunia. Tatu, Diwani jana usiku hakuhutubia. Leo nimemkuta kwenye ukuta chini ya dungusi, kama mtu anayesubiri usafiri.

Shangazi kapiga pasi vitambaa vya meza. Kashona na mapazia ya chumba cha uani. Hakusema ni ya nani. Ya buluu. Mimi napenda buluu.

Jumamosi, tarehe 20 Juni

Nimejaa matope lakini naandika, kwa ajili ya historia.

Alfajiri: shimo tupu. Tupu! Samaki watano wanapigapiga mkia kwenye matope. Nimewatia kwenye beseni la Shangazi la kulowekea nguo. Magimbi yamelala kifudifudi. Chemchemi imekufa siku ile ile ya wageni. Hii ni hujuma, nikasema, Kamusi kaiziba na mtaro wake. Kamusi akasema kitaalamu anaweza kunieleza kilichotokea. Nikamwambia sina muda wa maneno ya kitaalamu, akae huko na kamusi yake. Akasema sawa. Akakaa.

Lakini mimi ni mimi. Nikachukua mpira wa maji, ncha moja nikaifunga kwenye bomba la chini la tangi, linalotokea nyuma ya bafu, ncha nyingine nikaipitisha chini ya tope mpaka katikati ya shimo, nikaweka mawe matatu juu. Nikarudisha samaki. Nikajaribu kidogo: maji yakapanda kati ya mawe, yakibubujika kwa sauti kabisa. Afadhali kuliko chemchemi ya kweli, maana hii ina kufuli.

Saa tisa wakaja, akina mama kumi na mmoja. Mwenyekiti mbele, miwani kwenye mnyororo. Nikajibanza nyuma ya bafu, mkono kwenye bomba. Shangazi akawazungusha. Mafunjo yalimtii, yakayumba. Akafika shimoni, akasafisha koo, akasema mbele yenu ni chemchemi yetu. Nikafungua.

Lo! Ungewasikia! Maji yakapanda, yungiyungi zikacheza, hata ile yenye mshono. Mmoja akapiga kigelegele. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Shangazi alikuwa mrefu kuliko mafunjo. Nikafungua zaidi. Kwa nini nisifungue zaidi?

Kisha chemchemi ikakohoa. Ikatema matope mara mbili. Ikatoa sauti ambayo mtu mwenye adabu huiombea radhi. Ikanyamaza.

Tangi limekwisha! Asubuhi nilitia ndoo nane na si moja zaidi, na Shangazi alishapikia wageni na kuosha vyombo kwa maji hayo hayo. Mwenyekiti, ambaye matope yalimfikia kwenye kiatu, akaenda bafuni kunawa. Bomba likampigia mluzi.

Hapo Kamusi akasimama. Mkononi ana kipande cha bomba la zamani lenye tundu la kuingia kidole gumba. Akawaeleza, taratibu, kwa adabu, na fimbo yake pembeni. Bomba la kutoka kwenye tangi lilipasuka chini ya ardhi miezi saba iliyopita. Siku tangi likijazwa, tope linapanda. Siku lisipojazwa, linashuka. Alhamisi kamwita fundi bomba, akalibadilisha. Ndoo ishirini zimerudi kuwa nane. Kwa hiyo, akasema, ndoo kumi na mbili kila siku zilikuwa zinakwenda ardhini. Na kama akina mama wanataka kuiona chemchemi yenyewe, iko nyuma ya bafu, imeshika mpira.

Wakachungulia. Nikawaamkia.

Sijawahi kusikia akina mama kumi wakicheka hivyo. Mmoja alikaa chini kabisa. Mwingine akahesabu kwa sauti: kijana kabeba chemchemi kichwani miezi saba na hakujua! Shangazi peke yake hakucheka. Alikuwa anaangalia kitambaa cha meza. Nilitamani anitukane, nimezoea. Hakunitukana. Hiyo ndiyo iliyoniuma, mjukuu. Siyo kicheko.

Nikatoka nyuma ya bafu. Nikasema Shangazi hana kosa, alisema nilichomwambia. Nikasema chemchemi ni uongo wangu lakini mimea si uongo, nimeichagua mmoja mmoja na kila mmoja uko mahali pake. Mwenyekiti akatoka bafuni, akainama. Akauliza hili jani ni nini na kwa nini liko pale na si huku. Nikamweleza. Wapiga mbizi, wasimamao miguu ndani, washika nguo. Samaki na mbu. Dungusi na cheo chake. Nilieleza yote kama nilivyofundishwa, yaani kama nilivyokuwa nikijua.

Mwenyekiti akapapasa jani la gimbi. Kisha akasema nyuma ya bafu lake maji ya kuoga yanatuama mwaka wa tatu na ameaibika kuonyesha watu uani kwake. Akamwomba Shangazi, *akamwomba*, amwazime huyu kijana mwongo wiki ijayo. Wengine wawili wakasema na wao. Shangazi akainua kichwa polepole. Akasema ataangalia ratiba yangu. Ratiba yangu!

Wageni walipoondoka kanivuta sikio, la kulia, kwa uongo. Halafu kanipa ufunguo. Chumba ni changu! Sharti moja: bustani haitakufa. Siku jani moja likigeuka manjano, Kamusi anahamia. Na kwa kuwa chemchemi imezibwa, nitaimwagilia mimi, ndoo kumi na mbili kila alfajiri, mbali na nane za tangi.

Kamusi kasema haina haja. Anaweza kuchimba kijitaro kutoka bafuni, maji ya kuoga ya nyumba nzima yaende bustanini yenyewe, nusu siku tu, na atachimba yeye. Nikamshukuru. Nikamwambia bustani yangu haitakunywa maji aliyoogea kiboko.

Jumapili, tarehe 21 Juni

Nimelala chumbani kwangu! Pazia la buluu. Komeo ndani. Nimeamka bila kifungo popote. Diwani karudi kwenye jiwe, kanihutubia dirishani.

Kisha ndoo. Nane za tangi. Kumi na mbili za bustani, na hizi unazimwaga kwa kikombe, mmea mmoja mmoja, umeinama. Nimemaliza jua limeshapanda. Kamusi alikuwa kakaa barazani, kaoga, anakunywa chai. Kasema ile ahadi ya kijitaro bado ipo. Binti wa kitalu naye kapita kuona, kaizunguka bustani mara mbili, kasema si mbaya kwa mtu wa aina yangu. Halafu akasema eti Kamusi ana akili, nimwache achimbe. Hata yeye!

Nimekaa nikafikiri. Huwezi kuishi hivi, kunywesha mimea kwa kikombe kama watoto wagonjwa. Zamani je? Zamani sikuimwagilia hata siku moja, na ilikuwa inalowa yenyewe usiku na mchana. Tatizo lilianza alipokuja fundi bomba.

Basi, mjukuu, tazama akili ya babu yako. Nimepata msumari mnene kwenye sanduku la Shangazi. Kesho Kamusi akiwa chuoni na Shangazi akipeleka nguo kwa wateja, nafukua pale chini ya jukwaa, nalitoboa lile bomba jipya tundu moja dogo tu, nafukia. Bustani itajinywesha yenyewe. Shangazi haoni, Kamusi hajui, na mimi naagana na zile ndoo kumi na mbili.

Nitabaki na tangi tu. Na tangi nimelizoea, hata likirudi kwenye ishirini zake za zamani.